Tingatinga za soko na picha zangu: nipimeje mafanikio?

Muulizaji: Wakuu, nachora tingatinga, ule mtindo wa picha za rangi kali za wanyama na mandhari. Twiga na Kilimanjaro vinauzika, ila picha ninazozipenda mwenyewe hazinunuliwi. Nitajuaje kama nafanikiwa?

Jibu 1: Mkuu, anza na hesabu. Jumlisha kodi, chakula na nauli za mwezi, gawa kwa faida ya picha moja baada ya kutoa turubai, rangi na brashi. Ikitoka 12, chora 12 za soko, basi. Muda unaobaki ni wako hata oda ikija. Wengi huongeza za soko biashara ikichanganya, mkono ukazoea twiga tu.

Jibu 2: Edward Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alianza kuchora 1968, akafariki 1972. Miaka michache hiyo ilizaa mtindo mzima, kwa hiyo wingi wa picha si kipimo.

Jibu 3: Nyuma ya kila picha yako andika tarehe na jambo jipya ulilojaribu. Baada ya miezi 6 zipange ukutani. Zikifanana, hujasogea, hata kama zimenunuliwa. Na usiharakishe: rangi ya mafuta ikipakwa juu ya tabaka bichi huweza kujikunja. Iache ikauke kabisa kwanza.