Wagiriki wa leo na wale wa kale, ni watu wale wale?

MwalimuKirumba: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia sekondari hapa Mwanza. Kwenye kijiwe chetu cha kahawa kuna mzee mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, anashikilia kwamba Wagiriki wa kale waliisha wote, hawa wa leo ni wahamiaji tu. Mwenzake anasema ustaarabu wa kale wa Krete, kile kisiwa cha Ugiriki, ulijengwa na watu wa Misri. DNA inasemaje? Naomba hoja, siyo matusi.

MtuWaMaabara: Shikamoo mwalimu. Mzee wa dagaa kachemka. Mwaka 2017 timu ya mtafiti wa DNA Iosif Lazaridis ilitoa matokeo ya watu 19 wa kale, wakiwemo Waminoa, yaani watu wa kale wa Krete, na watu wa Mycenae, wa Ugiriki bara. Makundi yote mawili, angalau robo tatu ya asili yao ni wakulima wa kwanza wa Aegean, eneo la bahari kati ya Ugiriki na Uturuki, na wa magharibi ya Anatolia, yaani Uturuki ya leo. Sehemu kubwa ya inayobaki inaelekea Caucasus na Iran. Wa Mycenae wana nyongeza kidogo kutoka kaskazini, nyika za Ulaya mashariki. Na Wagiriki wa leo wanakaribiana sana na hao wa Mycenae, ingawa wamechanganyika na wengine baadaye.

Hiyo ya Misri aliileta mwanaakiolojia Mwingereza Arthur Evans, aliyechimba Knossos, kasri la kale la Krete, kuanzia 1900. Mifupa haikumuunga mkono.

BintiUkerewe: Mifupa ya miaka elfu tatu na ushee bado ina DNA? Hebu tuelezeni.

MtuWaMaabara: Ipo, dada, ila vipande vipande. Wanatoboa mfupa wa fuvu unaozunguka sikio la ndani, mgumu kuliko yote, wanachukua unga kiduchu. Kazi ni uchafuzi. Mimi napima damu mbichi na bado jasho langu mwenyewe linaweza kuniharibia sampuli, sembuse mfupa ulioshikwa na kila mchimbaji!

Halafu kuna utafiti wa 2023: Krete na visiwani huko kale, kuoana mabinamu kulikuwa jambo la kawaida.

BintiUkerewe: Mabinamu! Kwetu ungeitiwa kikao cha ukoo.

MwalimuKirumba: Ahsanteni. Na huku kwetu joto haliozeshi hiyo DNA?

MtuWaMaabara: Linaozesha sana, ndiyo maana sampuli za Afrika ni chache. Lakini Luxmanda, mkoani Manyara, ilipatikana ya miaka kama 3,100, na zaidi ya theluthi ya asili yake inaelekea Mashariki ya Kati. Mpelekee mzee hiyo, uone atasemaje.