Ushauri: Baba ana saratani ya kinywa, kaka anataka tumfiche na tumpe dawa ya presha

Bint Makorora: Shikamooni wakubwa. Niko Tanga. Baba ana miaka 63, ametafuna tambuu na tumbaku tangu ujana. Kidonda kilimtoka pembeni mwa ulimi, tukahangaika na maji ya chumvi miezi minne. Amekatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwa, majibu ni saratani, na shingoni kuna tezi ngumu kama kokwa ya ukwaju. Jumatatu tunakwenda Dar kwa rufaa.

Kaka amesoma kwamba seli za saratani hii zina vipokezi, yaani sehemu za kunasia homoni za msongo, kwa hiyo baba akiujua ugonjwa atashtuka na utasambaa. Anataka tumwambie ni jipu. Tena amenunua propranololi, ile dawa ya presha, eti inaziba hivyo vipokezi. Baba ana pumu, anatumia dawa ya kuvuta. Jana usiku nilimkuta anaipapasa ile tezi gizani, aliponiona akashusha mkono. Nifanyeje?

Mfamasia Mkongwe: Binti yangu, kidonge hicho asimeze! Vipokezi anavyovisema kaka yako, aina ya beta-2, vimo pia kwenye njia za hewa. Dawa ya kuvuta hupitia humohumo kufungua kifua. Propranololi haichagui, inaziba vya uvimbe na vya mapafu. Mwenye pumu anaweza kubanwa, na ile ya kuvuta isimfae inavyotakiwa. Kama ameshameza, mwahisheni hospitali sasa hivi.

Mwana wa Chumbageni: Kwani habari ya vipokezi ni uongo?

Mfamasia Mkongwe: Si uongo, ila imevutwa mno. Maabarani, seli za saratani ya kinywa zikiwekewa noradrenalini, mojawapo ya homoni za msongo, homoni hiyo inanasa kwenye vipokezi na seli zinatoa interlukini-6 kwa wingi, kitu kinachousaidia uvimbe kukua na kupenya. Kwa wagonjwa wenyewe, majibu yanagongana. Kuna watafiti walioona kwamba vipokezi vikiwa vingi, saratani imefika zaidi kwenye tezi za shingo. Wenzao wa Brazili wakakuta wenye vipokezi vingi ndio walioishi zaidi. Kwa ushahidi huo huwezi kumnyima mtu habari za mwili wake. Popoo, ile kokwa inayotiwa kwenye tambuu, hata bila tumbaku, WHO (Shirika la Afya Duniani) kupitia shirika lake la utafiti wa saratani iliitaja kuwa kisababishi cha saratani mwaka 2004. Kaka yako apambane na tambuu, baba asiitie tena mdomoni.

Mama Swaumu: Sisi tulimficha mama. Alikuja kuambiwa na mgonjwa mwenzie kwenye foleni ya mionzi. Siku tatu hakutusemesha, na hadi leo naliona lile jicho alilonitazama nalo. Mwambie mwenyewe, mdogo wangu, mkiwa nyumbani. Halafu ulizieni meno yake mapema, yaliyooza hung'olewa kabla ya mionzi.

Bint Makorora: Ahsanteni sana. Hakuwa amemeza, vidonge ninavyo mimi. Nimemwambia baada ya Alasiri, kaka akiwepo. Baba alinyamaza, kisha akauliza ulimi utakatwa kiasi gani, maana yeye ndiye anayeadhini Alfajiri msikitini kwetu. Sikuwa na jibu, nimeliandika swali lake tukamuulize daktari. Kaka amekwenda kumkatia tiketi. Mama Swaumu, mama alikuwa anaweza kula nini wiki zile za mionzi?

Mama Swaumu: Uji mwepesi uliopoa, na mtori. Pilipili na ndimu weka mbali kabisa. Nitumie ujumbe, nikueleze vizuri.