Naomba ushauri: makuta (pesa) ya matangazo YouTube

Jambo wapendwa. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba. Ninaweka YouTube video za mama yangu akipika bukari, sombe na bitoyo. Wafuatiliaji wamepita 1,000, lakini saa za kutazamwa ni 2,600 tu, na ili nianze kulipwa zinatakiwa 4,000 ndani ya miezi 12. Njia ya video fupi inataka kutazamwa mara milioni 10 kwa siku 90. Huo kwangu ni mlima.

Najua video ndefu humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya makuta ya matangazo. Ila bei ya tangazo hutegemea sana nchi ya mtazamaji, na wangu wengi wako hapa na Kolwezi. Je, niweke maandishi ya Kifaransa chini ya video ili ndugu wa Ubelgiji waongezeke? Mama hataki kuacha Kiswahili, nami niko naye.

Halafu mnaolipwa tayari: ile barua ya AdSense (huduma ya Google inayolipa makuta hayo) yenye namba ya kuhakiki anwani mliipokeaje? Lupango wetu (kiwanja cha nyumba) hauna hata namba. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Mnieleze pole pole, tafadhali.