Klipu za simu zinashtuka nikirenda video kwa fremu 25

MwanaUjiji
Wakuu, habari za kazi. Nahariri video ya wachuuzi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Kamera ilirekodi fremu (picha mojamoja zinazounda video) 25 kwa sekunde, simu 30, taimulaini (mstari wa kupangia klipu) nimeiweka 25. Nikisharenda (kutoa video kamili), klipu za kamera ziko laini ila za simu zinashtukashtuka, hasa mtumbwi ukikatiza kutoka kushoto kwenda kulia. Halafu kuna mama anaeleza namna ya kuanika dagaa kwenye chanja. Naye nilimrekodi kwa simu: anaanza vizuri, lakini kadiri anavyoendelea sauti inaachana na mdomo. Maneno yake ndiyo moyo wa kazi hii, sitaki kumkata. Nimepandisha bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde ya video), hali ni ileile.

FundiPichaTabora
Mkuu, bitireti iache, haihusiki. Ukishusha 30 kwenda 25, programu inatupa fremu moja katika kila sita, yaani mara tano kila sekunde. Kwa mtu aliyekaa huwezi kugundua. Kwa mtumbwi unaotembea, kila fremu ikitupwa jicho linaona umeruka.

Kama picha za mitumbwi hazihitaji sauti yake, usizigeuze kabisa. Iambie programu izisome kama fremu 25 tangu mwanzo: kwenye DaVinci Resolve ni Clip Attributes, kwenye Premiere ni Interpret Footage. Fremu zote zinabaki, mwendo unapungua hadi kama asilimia 83. Mtumbwi kwenda taratibu kidogo unapendeza, mimi naona hata kuliko mwendo wake halisi.

Mama ni habari nyingine. Simu nyingi hazishiki kasi moja. Mwanga ukipungua zinapunguza fremu zenyewe. Ifungue klipu yake kwenye MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili la video. Ukikuta Variable (kasi ya fremu inayobadilikabadilika), ipitishe HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua Constant Framerate (kasi moja), weka 30 (siyo 25), kisha hiyo mpya ndiyo uiingize kwenye taimulaini.

DadaMwanga
Kwa nini asitumie Optical Flow? Inatengeneza fremu za katikati, hakuna mruko.

FundiPichaTabora
Dada, kwa gari kwenye lami ningekubali. Kwa maji ya Tanganyika hapana. Viwimbi na nyavu vinaichanganya, na mikono inayomwaga dagaa inaonekana kama inayeyuka. Ijaribuni kwenye klipu moja fupi, muitazame kwenye skrini kubwa.

MwanaUjiji
Asante sana kaka. Klipu ya mama ilikuwa Variable kweli. Nimeipitisha HandBrake, sasa mdomo na sauti vinakwenda pamoja mpaka neno la mwisho, na kwa kuwa amekaa, mruko hauonekani. Mitumbwi nayo imetulia. Kimebaki kipande cha ndani ya duka: taa inapigapiga. Nacho nikigeuze?

FundiPichaTabora
Hicho hakiponi kwa kugeuza fremu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupanda na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya simu (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) ikijiwekea 1/60 ya sekunde haiendani nazo, ndiyo maana unaona mapigo. Kama duka liko karibu, rudi ukarekodi upya: weka shata 1/50 au 1/100 kwa mkono, na fremu 25 kama simu yako inaruhusu.

DadaMwanga
Kama simu yenyewe haina sehemu ya kuweka shata, tafuta programu ya kamera yenye mpangilio wa mkono. La sivyo mwombe mwenye duka azime taa, mrekodi mchana, mlango ukiwa wazi.