Besimenti Nakuru: binamu aangalie nini kabla sijalipa deposit?

Kutoka: mnunuzi, Leeds

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Kuna nyumba ya mawe inauzwa Milimani ya Nakuru, upande wa kupanda mlima wa Menengai, ina besimenti (chumba cha chini ya ardhi) ya stoo. Kwenye video ya wakala kuta zinang'aa. Binamu yangu ataenda Jumamosi na simu. Aangalie nini hasa?

Kutoka: fundi mjengo, Nakuru

Ndugu, besimenti ya nyumba ya zamani kung'aa si sifa. Kama huko chini kumepakwa rangi mpya na vyumba vya juu vina ya zamani, uliza sababu.

Binamu asimulike ukuta moja kwa moja. Tochi ailaze ubavuni mwa ukuta ili mwanga uambae. Rangi iliyovimba hata kidogo itatupa kivuli. Akibonyeza kivimbe kikatoa unga mweupe, hiyo ni chumvi: maji yamepita kwenye mawe na saruji, yakaiyeyusha, yakafika ndani yakakauka na kuiacha. Wengi huidhania ukungu. Dondoshea maji kidogo: chumvi huyeyuka, ukungu hubaki na harufu yake.

Apime kwa tepu doa limefika wapi kutoka sakafuni. Unyevu unaopanda kutoka chini kwa kawaida huishia kama mita 1, na mstari wake huenda karibu sawa. Unaopenya kutoka ubavuni hauna adabu hiyo, hujitokeza popote, mara nyingi ukuta mmoja tu. Hapo aanze na ukuta unaoelekea kilima.

Udongo wa huku ni wa majivu ya volkano, nao hupitisha maji upesi. Chumba kinaweza kulowa usiku wa mvua na siku chache baadaye kikawa kavu kabisa. Kwa hiyo tunatafuta alama, si maji: kutu chini ya fremu ya mlango wa chuma, ubao wa skirting (ule wa chini ya ukuta) uliofura, mstari wa tope nyuma ya kabati. Na kama kila kitu cha stoo kimeinuliwa juu ya matofali, mwenye nyumba anajua jambo.

Nyufa nyembamba za wima mara nyingi ni saruji kukauka. Ufa wa kulala, katikati ya ukuta wa upande wa kilima, huo unitumie picha kabla ya kulipa hata shilingi. Ni udongo uliolowa unasukuma ukuta.

Kutoka: fundi bomba, Kisumu

Nakubaliana na fundi, ila msilaumu mvua kabla ya kukagua bomba. Siku ambayo maji ya kaunti yanatoka, fungeni mifereji yote na koki ya kuingiza maji kwenye tanki, someni mita, msubiri saa 1. Mita ikisonga, kuna bomba linavuja kati ya mita na nyumba. Ukuta unaolowa siku ambazo maji ya kaunti yanatoka tu, tena kiangazi, shida yake ni bomba. Harufu ya choo nayo ni habari ya septiki (shimo la maji taka).

Kwa sakafu, kata nailoni ya sentimita 45 kwa 45, uibandike kwa selotepu pande zote nne bila pengo, uiache saa 24 hadi 48. Matone yakiwa upande wa chini, au saruji ikigeuka nyeusi, unyevu unatoka kwenye slabu (zege la sakafu). Yakiwa upande wa juu, ni hewa ya chumba tu, na dirisha likifunguliwa linasaidia.

Wanaotazama nyumba za huku karibu na ziwa waangalie zaidi pale sakafu inapokutana na ukuta, maana maji ya chini ya ardhi huingilia hapo. Waulize majirani hali ilikuwaje Mei 2020, Ziwa Victoria lilipofika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Tambarare ya Kano na Nyamasaria kuna udongo mweusi unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka. Huko kwa kweli mimi besimenti singenunua.

Kutoka: mnunuzi, Leeds

Asanteni sana. Wakala anasema kukiwa na unyevu ni kupaka tu dawa ya kuzuia maji kwa ndani.

Kutoka: fundi mjengo, Nakuru

Hiyo ni ya kuuzia nyumba. Maji yakisimama mita 1 juu ya slabu upande wa nje, yanaisukuma kwa kama kilo 1,000 kwa kila mita mraba. Rangi ya ndani itabanduka tu.

Anza nje, tena kwa vitu rahisi. Gata zisizibe, na bomba la kushusha maji yake limwage angalau mita 1.5 kutoka ukutani. Ardhi iteremke kutoka kwenye nyumba, sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Kama bado, chimba upande wa kilima hadi usawa wa msingi bila kwenda chini yake, kipande kwa kipande ili ukuta usibaki wazi wote; paka lami ya kuzuia maji kwa nje, laza bomba la matundu la inchi 4 lenye mteremko, lifunike kwa kokoto na kitambaa cha kuchuja tope. Kazi hiyo si ya siku mbili, kwa hiyo iingie kwenye bei mnayojadili sasa.

Binamu abebe tepu, tochi, nailoni, selotepu na penseli. Ncha za kila ufa azitie alama na tarehe, kisha aombe kurudi baada ya mvua kubwa. Wakala akikataa ziara ya pili, deposit ibaki Leeds.