Mliosema Kojima alikuwa "mwajiriwa tu", njooni huku tuongee

Wakuu, salaam. Nina hasira na leo sitaimeza.

Juzi kuna jamaa humu kaandika kwamba Hideo Kojima, yule mtunzi wa gemu wa Japani, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya gemu ya Konami tu, mshahara alilipwa, gemu ni mali ya kampuni, kwa hiyo watu waache kulialia kisa mtu ameacha kazi. Wengi mkampigia makofi. Nilisoma asubuhi nikiwa nafungua kibanda, nikarudia mchana, nikarudia tena usiku nimelala. Bado linanichoma. Naandika kutoka Mwanga, Kigoma, mwisho wa reli. Ni fundi wa deki za gemu, na tangu 2007 watoto wangu wanakula kwa pedi na CD. Hili jambo silijui kwa kusimuliwa.

Kojima aliingia Konami 1986. Mwaka uliofuata ikatoka Metal Gear ya kwanza, kwenye kompyuta ya MSX2, wengi wenu hamjazaliwa. Mashine ile ilikuwa dhaifu, ukijaza maadui na risasi kwenye skrini inashindwa. Wakubwa walikuwa wanataka gemu ya vita. Kijana akageuza: basi mchezaji asipigane, ajifiche, anyate, asionekane. Gemu za kunyata mnazojisifia leo zimetembea kwenye njia ile. Kisha 1998 ikaja Metal Gear Solid ya PlayStation, 2001 ya pili, 2004 ya tatu, 2008 ya nne. Anaondoka Desemba 2015 ana karibu miaka 30 ndani ya nyumba moja. Halafu mtu anakuja kuniambia "mwajiriwa tu", kama vile alikuwa kibarua wa siku mbili wa kupakua magunia pale Kibirizi! Na hata kibarua wa Kibirizi ana jina lake.

Niwaeleze nilivyomjua huyu mtu.

Kibanda nilichokuwa nafanyia kazi kilikuwa cha PES, gemu ya mpira ya Konami haohao, mwanzo mwisho. Mechi shilingi 200, aliyefungwa anatoka. Siku moja, 2009, mteja aliyekuwa anavusha vitenge kutoka Bujumbura akashindwa kulipa deni la mechi, akaacha CD rehani. Hakurudi. Ilikuwa Metal Gear Solid 3. Mchana huwezi kuiweka, vijana watakufukuza, kwa hiyo nikawa naicheza tukishafunga mlango. Ni mwaka 1964, uko msituni peke yako, nguo unabadilisha zifanane na majani na magome, njaa ikikuuma unakamata nyoka unamla, ukivunjika unajifunga mwenyewe. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, nikawa na kamusi pembeni.

Nikafika kwa mzee mmoja mdunguaji. Anaitwa The End. Mzee kikongwe, inasemwa amevuka miaka mia, ana kasuku wake, anakuvizia kwenye msitu mpana na wewe unamvizia. Nilihangaika naye usiku mbili. Wa pili nikachoka, nikasevu katikati ya pambano, nikalala.

Wakati ule Kigoma ilikuwa haijaungwa kwenye gridi ya taifa, mji mzima tunategemea majenereta ya dizeli. Umeme ukaanza kusumbua. Unakuja mchana saa mbili, tunawapa wateja, usiku giza. Hadi nimepata usiku wa kukaa na mzee wangu tena, ilikuwa imepita zaidi ya wiki. Nikawasha, nikafungua pale nilipoishia. Mzee amekufa. Amekufa kwa uzee.

Nilidhani CD imekwangua. Nikamwamsha kijana aliyekuwa analala kibandani aje aone. Baadaye sana ndiyo nikasoma kwamba iliwekwa makusudi: gemu inasoma saa ya ndani ya deki, na ukimwacha yule mzee katikati ya pambano kwa wiki nzima, inahesabu kwamba umri umemchukua. Nilisikia kitu kifuani ambacho sijawahi kukisikia kwa gemu yoyote. Kuna mtu Tokyo alikaa akawaza kwamba mzee wa miaka mia hawezi kusubiriwa milele. Kampuni haiwazi hivyo, wakuu. Kampuni ina muhuri na akaunti ya benki. Anayewaza hivyo ni mtu, anakosa usingizi kwa ajili yake, na mimi fundi wa Mwanga niliyekatikiwa umeme nikapokea wazo lake mkononi bila yeye kujua kama nipo.

Najua hakuwa peke yake. Yoji Shinkawa ndiye aliyechora wale watu na ile mitambo, na nyuma yao kuna kundi kubwa. Sijamfanya mtume. Nasema ukigusa kazi yake unajua ni yake, kama unavyojua mkono wa seremala kwenye kitanda kabla hujamuuliza muuzaji.

Ile ya 1998 nayo nikaitafuta. Kuna mahali unaambiwa namba ya kumpigia dada mmoja kwenye redio iko nyuma ya kasha la CD. Kasha lenyewe ulilonunua, la mkononi kwako! Sisi huku CD zetu ni za kuchoma, zinakuja kwenye nailoni, kasha hatulijui. Vijana wa Ujiji walikwama pale wiki mbili, wakifikiri kasha liko ndani ya gemu, wanalitafuta kila chumba. Namba ilipopatikana, 140.15, tuliiandika kwa chaki ukutani kibandani, kubwa, juu ya televisheni ya pili. Ilikaa pale miaka. Mtoto akiingia anauliza ile namba ya nini, anasimuliwa.

Sasa sikilizeni walichomfanyia mtu wa namna hiyo.

Machi 2015, miezi michache kabla The Phantom Pain, yaani Metal Gear Solid ya tano, haijatoka, jina lake likaanza kupotea. Maneno yaliyokuwa juu ya jalada, yanayosema hii ni gemu ya Hideo Kojima, yakaondolewa. Nembo ya studio yake ikaondolewa. Mtu bado yuko ofisini anamalizia kazi! Aprili wakafuta Silent Hills, gemu ya kutisha aliyokuwa anaitengeneza na mwongozaji wa filamu Guillermo del Toro, na ile onjo yake iliyoitwa P.T., iliyotolewa bure Agosti 2014, wakaitoa dukani. Na aliyekuwa ameipakua akaifuta kwenye deki yake, hairudi tena. Watu wakaanza kuuza PS4 zilizotumika kwa bei ya kuruka kwa sababu tu P.T. imo ndani. Mmewahi kuona mchapishaji anapita nyumba kwa nyumba kukusanya kitabu alichokwisha kukigawa?

Gemu ikatoka tarehe 1 Septemba 2015, imeuza, imesifiwa. Oktoba jarida la The New Yorker likaandika kwamba ameagwa ofisini, na picha ya hafla ikaonekana. Kampuni ikajibu kwamba yuko likizo. Likizo! Desemba kwenye tuzo za The Game Awards kule Los Angeles gemu yake ikashinda, na yeye hayupo. Geoff Keighley, mwendeshaji wa tuzo hizo, akasimama jukwaani akasema wazi kwamba mwanasheria wa Konami alimwambia Kojima haruhusiwi kuja kupokea. Tuzo ikapokelewa na Kiefer Sutherland, aliyeigiza sauti. Ukumbi ukaizomea Konami. Kabla mwezi haujaisha akatangaza studio yake mwenyewe, Kojima Productions, akishikana mkono na Sony.

Mimi kuondoka sikugombi. Watu wanaondoka, hata ndoa zinavunjika. Mnasema alikuwa anakula hela na anachelewesha: ni kweli gazeti la Nikkei la Japani liliandika kwamba gemu ile ilimeza zaidi ya dola milioni 80. Kampuni ina haki ya kusema basi, hatuwezi tena. Mwiteni, mlipeni chake, mpeni mkono, aende. Hilo ningelielewa. Lakini kumkwangua jina kwenye jalada kazi yake ikiwa bado ya moto, na kumzuia asipokee zawadi ya jasho lake, hiyo bajeti gani? Inaokoa shilingi ngapi?

Na jina halikutoka, hilo ndilo linalonipa nguvu. Fungueni The Phantom Pain leo. Kila misheni inaanza na kuisha na orodha ya majina ya waliotengeneza, na lake limo, tena na tena. Jalada ni karatasi, walilipata. Ndani hawakufika.

Mnaweza kuuliza kwa nini mtu wa Kigoma ananuna kwa ajili ya Mjapani. Basi niseme.

Miaka kumi na moja nilimjengea mtu kibanda. Tajiri alileta televisheni nne na deki nne, kazi nyingine yote ni mimi. Lenzi nasafisha mimi, pedi nafungua mimi, waya nauma kwa meno. Vijana wakawa wanataka kucheza Simba na Yanga, na PES haina timu hizo. Nikaingia sehemu ya kuhariri, nikaanza. Jina la mchezaji moja moja, herufi moja moja kwa kubonyeza pedi, urefu wake, mguu anaoutumia, kasi, kipara kama ana kipara. Nilikuwa nasikiliza mpira redioni na daftari mkononi, nikisikia fulani ni mzito kugeuka, usiku nampunguzia. Simba, Yanga, na timu zetu za mchangani za Mwanga na Gungu na Kibirizi, vijana wenyewe wakija kujiona kwenye skrini na jezi zao. Miezi na miezi. Yote hayo yalikaa kwenye memori kadi moja ya megabaiti 8. Watu walikuwa wanatoka Mwandiga na baiskeli kuja kucheza timu yao. Na kwenye ubao wa mlangoni kulikuwa na jina la tajiri juu, na jina langu dogo chini, "Fundi", niliandika kwa rangi iliyobaki, naye alikubali.

Mwaka 2018 tulitofautiana kuhusu malipo. Sikuiba, sikutukana. Nikaomba niondoke na memori kadi yangu tu. Akanijibu maneno yaleyale mliyoyaandika humu: "Wewe ulikuwa kijana wangu wa kazi. Kila kilichomo humu ni changu." Mke wangu akaniambia niache, vita ya maskini na tajiri haina mwamuzi. Wiki iliyofuata nikapita njia ile. Ubao umepakwa rangi upya, jina langu hakuna. Ndani ukuta umepakwa chokaa, 140.15 hakuna. Na kijana mpya mlangoni anawauzia wenye vibanda vingine nakala ya timu zangu, anawaambia bosi wake ndiye aliyetengeneza.

Kwa hiyo jamaa ukiandika "mwajiriwa tu" ukaweka na nukta, ujue kuna watu wanaosoma na mikono yao inatetemeka. Mshahara unalipa saa. Ule usiku wa kuwaza mzee atakufa vipi haukuandikwa kwenye mkataba wowote.

Kuna mwingine kasema ukimtoa mtu mmoja kampuni haitetereki. Konami haijafilisika, sikatai. Ila mwaka 2018 walitoa Metal Gear Survive bila yeye, iwekeni mcheze, mje mniambie mlisikia nini kifuani. Na sisi watu wa vibanda tunakumbuka Septemba 2021, walipolifuta jina la PES lenyewe wakatuletea eFootball. Wachezaji nyuso zimepinda, timu za kuhesabu, hadi kampuni ikaomba radhi hadharani. Huku Kigoma hakuna mtoto anayesema "twende tukacheze eFootball". Anasema PES. Jina walilifuta kwao, hapa kwetu halijafutika.

Kojima yeye 2019 akatoa Death Stranding. Mwigizaji Norman Reedus, ambaye angekuwa kwenye Silent Hills, yumo. Del Toro naye, sura yake imo. Alipofukuziwa mlangoni alitoka na watu wake akawapa nafasi upya. Gemu yenyewe ni ya mtu anayebeba mizigo mgongoni, anavuka mito na milima kuunganisha watu waliotengana, na wengi humu mliicheka kuwa ni ya kutembea tu. Mimi nimekua naona kina mama wakishuka na madumu ya mawese kichwani, ukiteleza umemwaga mtaji wa wiki. Niliicheza nikiwa nakaza misuli ya shingo. Jina lake liko juu ya jalada, na safari hii hakuna wa kuliondoa.

Sasa nina ombi moja kwa watu wa Kigoma na Ujiji, na hata Kasulu maana nasikia nakala zilifika huko. Yeyote mwenye deki ya PS2 na memori kadi yenye timu za mchangani za Mwanga na Gungu, tafadhali usiifomati. Nitakupa kadi mpya mbili na nitakusafishia lenzi bure. Yangu halisi ni nyeusi, ina doa la rangi ya kucha nyekundu pembeni, binti yangu aliidondoshea akiwa na miaka minne. Ukitaka kuhakikisha, fungua timu ya Kibirizi, nenda kwa wachezaji wa akiba, wa mwisho kabisa. Niliwajaza wote mimi, huyo wa mwisho nikamwandika FUNDI. Niandikieni hapahapa.