Ushauri: nina mahojiano ya residensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) Marekani, mwaka uliopotea niuelezeje?

Daktari_Mpole: Wakuu, habari za mchana. Step 1 na Step 2 za USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari Marekani, nimeshafaulu, na usiku wa leo saa 7 nina mahojiano ya video na hospitali moja Marekani, idara ya magonjwa ya ndani. Wakiniuliza 2023 nilikuwa nafanya nini, nijibuje? Tumbo linanivuruga tangu asubuhi.

Bi_Sindano: Kwani ulikuwa unafanya nini?

Daktari_Mpole: Mambo ya kifamilia tu. Tujikite kwenye jibu.

Mzee_wa_Wodi: Wewe fikiria viza. Ya J-1, ambayo madaktari wengi wa nje huingia nayo kwa mafunzo, inataka barua ya Wizara ya Afya ya kwenu, na ukimaliza masomo unarudi nyumbani miaka 2.

Mstaafu: Mimi kwenye mahojiano ya ubingwa profesa aliuliza kwetu tunalima nini. Nikasema tumbaku. Tukaongea tumbaku mpaka chai ikaletwa. Nikachukuliwa.

Bi_Sindano: Mleta uzi anakwepa. Ulifeli?

Daktari_Mpole: Haya. Step 1 nilifeli mara ya kwanza. Nilishuka basi la usiku Nairobi, nikaingia na macho mekundu kwenye maswali 280. Ila kwenye barua ya maombi nimeandika nilikuwa namuuguza mama. Si uongo moja kwa moja, presha anayo.

Kokoto: Mama yuko wapi sasa hivi?

Daktari_Mpole: Sokoni.

Kokoto: Mgonjwa mahututi anapanga mafungu ya dagaa 😂

Abuu_Kigamboni: Usimzulie mzazi maradhi, kijana. Maneno huumba.

Bi_Sindano: Ripoti ya USMLE inaonyesha kila jaribio. Wameiona na bado wamekuita! Sema ulifeli, sema ulibadilisha nini kwenye kusoma kwako, nyamaza. Tangu Januari 2022 Step 1 ni kufaulu au kufeli tu, alama zinazosomeka ni za Step 2.

Daktari_Mpole: Na barua wanayo mkononi? Nikigeuza maneno ndiyo nitaonekana tapeli. Bora nikomae na ya mama.

Nyundo: Wakuu, mnanyweshwa chai. Saa 7 usiku kwetu, Januari hii, ni saa 11 jioni mashariki ya Marekani. Nani anaanza kuhoji watu muda wa kufunga ofisi?

Kokoto: Na bando langu limeisha hapa.

Daktari_Mpole: Chai ya nini, mkuu? Barua pepe inasema saa 3 asubuhi, saa za mashariki. Tofauti ni saa 8, nikatoa 8.

Bi_Sindano: Unajumlisha wewe! Wao wako nyuma yetu. Ni saa 11 jioni.

Kokoto: Saa hizi ni 10 na dakika 20.

Daktari_Mpole: Niko kwenye daladala, Mbagala.

Nyundo: Shuka, panda boda. Tai unayo?